Triga ya mjomba: laini, lakini si laini sana!

Leo viatu, disko na mapenzi ya ofisini vikae pembeni kidogo. Nakupeleka Ikuti.

Huijui Ikuti? Basi wewe ni mtoto wa lami. Ikuti ni kata huko kwetu wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Ukifika Tukuyu unauliza gari, ukikosa gari unauliza bodaboda, ukikosa bodaboda unaiuliza miguu yako. Migomba kila upande, chai, kahawa, mahindi, na mvua isiyojua kupumzika. Ukungu ukishuka saa kumi na moja jioni, hata mke wa mtu humtambui mpaka akusalimie.

Mada yetu ni triga. Ndiyo, triga ya bunduki! Najua vijana wenzangu mkisikia neno hilo mnakumbuka mabanda ya video, Rambo na Commando, jamaa anamwaga risasi mia mbili bila kujaza hata moja. Sahau hiyo. Nazungumzia kipande kidogo cha chuma anachokivuta mzee wa watu anayelinda mahindi yake yasiliwe na nguruwe pori. Kipande hicho kilizua kasheshe nyumbani kwa mjomba wangu, na mimi nilikuwepo kwa sababu moja tu: karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza, na mtoto wa dada aliyemaliza form four ndiye aliyeitwa kuisoma. Elimu haiozi!

Kwanza tumjue mwenye bunduki. Mjomba ni mstaafu wa serikali. Bunduki ameinunua miaka mingi iliyopita, ana leseni, na karatasi zake anazitunza kuliko cheti cha ndoa. Mwaka 2016 serikali ilipotangaza uhakiki wa silaha nchi nzima, alikuwa wa mwanzo mwanzo kufika kituoni, suti imepigwa pasi kama anakwenda kuoa.

Bunduki yenyewe ni ya mtindo wa Mauser 98, yaani ule mtambo wa Kijerumani wa mwaka 1898. Usishangae Mjerumani kutajwa huku. Tukuyu hiyo hiyo unayoshuka kununua ndizi, yeye aliiita Neu-Langenburg na akajenga boma lake. Risasi zake ni 9.3×62, ambazo Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, alizibuni mwaka 1905 kwa ajili ya Wazungu waliokuwa wakija kuishi na kuwinda Afrika. Ni risasi nene. Inamtosha nguruwe pori na chenji inabaki.

Tatizo lilikuwa triga. Ile ya zamani ilitengenezwa kwa mawazo ya kijeshi, na mwendo wake ni wa hatua mbili. Unavuta, inakuja kiulaini, halafu inagota kama imekutana na ukuta. Hapo sasa unaongeza nguvu mpaka ifyatuke. Fundi alipoipima kwa mizani yake ya springi, ilihitaji karibu kilo tatu. Kwa askari kijana hiyo ni salama yake, kwa sababu hata akiwa na woga au vidole vimekufa ganzi, haifyatuki hovyo.

Lakini mjomba si askari kijana. Vidole vyake vina baridi yabisi, na baridi ya Rungwe haimwonei huruma mtu. Kuvuta kilo tatu kwa kidole kimoja kilichopinda haiwezekani, kwa hiyo anavuta kwa mkono mzima. Mkono mzima ukivuta, mtutu unahama. Msimu uliopita alimpiga nguruwe pajani badala ya nyuma ya bega. Nguruwe akatimua mbio, akaingia kwenye kahawa ya jirani.

Nguruwe pori aliyejeruhiwa si mtu wa kuchezea, jamani. Alimpasua mbwa mmoja tumbo. Siku tatu hakuna mama aliyekanyaga kwenye ile kahawa, na ilikuwa imeiva, nyekundu kama shanga. Siku ya tatu kunguru ndio walioonyesha alipofia. Kahawa iliyoanguka chini haikurudi mtini, na mjomba alilipa sehemu yake bila kubisha. Tangu hapo akawa halali. Akasema ama triga ibadilishwe, ama bunduki airudishe polisi.

Basi binamu yangu anayefanya kazi Afrika Kusini akamtafutia triga mpya ya kuongezea, ya kampuni ya Timney ya Marekani, watu walio kwenye shughuli hiyo tangu mwaka 1946. Ikaja na karatasi zake zote, maana mjomba hataki mchezo. Akaitwa fundi wa bunduki mwenye leseni, mzee mmoja mtaratibu aliyewahi kutengeneza bunduki za makampuni ya uwindaji kwa miaka mingi. Akaja Ikuti na begi lake dogo, akala ndizi na maziwa mgando, akanawa, akasema: "Haya, tuanze. Risasi ziko wapi?"

Tukadhani anataka kuzijaza. Kumbe anataka ziondoke chumbani! Mke wa mjomba akazichukua zote, akazifunga kwenye pindo la khanga yake na kwenda nazo jikoni. Fundi akafungua bunduki, akatazama ndani kwa macho, akapitisha kidole, kisha akaniambia na mimi nitazame. "Bunduki tupu," akasema, "ni ile iliyotazamwa na watu wawili."

Sasa ngoja nikuibie siri ya triga ilivyo, maana hata mimi nilikuwa sijui. Ukikoki bunduki, pini inayogonga risasi inasukumwa nyuma huku springi kali ikitaka kuirudisha mbele. Kinachoizuia ni kipande kidogo cha chuma, mafundi wanakiita sia. Fikiria komeo la banda la kuku. Likiingia sana, unahangaika kulichomoa. Likiingia kidogo mno, upepo ukivuma mlango unafunguka wenyewe na kuku wako wanahamia kwa jirani. Triga kazi yake ni kuchomoa lile komeo tu.

Kufunga yenyewe si uchawi. Fundi alifungua skrubu mbili kubwa za chini, akautenganisha mtambo na kitako cha mbao. Akasukuma pini ya triga ya zamani, ikatoka pamoja na sia yake. Triga mpya ikaingia palepale na pini ileile, ikabanwa na skrubu yake. Kwa kuwa triga mpya ni pana zaidi, ilibidi mbao ya kitako ichongwe kidogo kwa patasi. Kila patasi ikigusa mbao, mjomba anaguna utadhani anachanjwa yeye.

Halafu ikaja kazi yangu. Karatasi ilisema kuna skrubu tatu za kurekebisha. Ya kwanza inabana au kulegeza springi, hiyo ndiyo inaamua uzito wa kuvuta. Ya pili inaamua sia ishikilie chuma kiasi gani. Ya tatu inaamua triga iishie wapi baada ya kufyatuka, isiendelee kuzurura nyuma na kuutikisa mkono.

Hapo fundi akaninyooshea kidole. "Hiyo ya pili rudia kuisoma." Nikarudia. "Hiyo ndiyo inayoua watu," akasema. Mafundi wa uchochoroni wakitaka triga iwe laini kama siagi wanaipunguza hiyo, kwa sababu ni njia ya mkato. Chuma kinabaki kimeshikilia chuma kwa unywele. Siku bunduki ikiangukia kitako, au komeo lake likifungwa kwa nguvu, inalia yenyewe. Yeye ya pili aliiacha kama karatasi inavyotaka, akacheza na springi tu.

Kasheshe sasa! Binamu mwingine, kijana wa mjini aliyekuja na simu kubwa na maneno makubwa zaidi, akadai iwekwe pauni mbili. Pauni mbili ni kama gramu 900, hata mfuko wa sukari wa kilo moja unaizidi. "Mzee, weka pauni mbili, unagusa tu, kitu na boksi! Wenzetu wa mashindano wanatumia hata chini ya hapo."

Mjomba akatabasamu. Ukweli alikuwa ameshalegea. Kwa vidole vyake, pauni mbili zilikuwa kama kutangaziwa pensheni imeongezwa.

Ndipo mke wa mjomba akatoka jikoni, pindo la khanga limejaa risasi. Hakupiga kelele. Akasema:

"Mzee, unaikumbuka ile jioni ya uji?"

Mjomba akanyamaza.

"Mwambieni na mtoto wa dada yake ajue. Nilimpelekea uji kwenye kibanda, ukungu umeshuka, sina taa. Akasikia mahindi yanacheza. Akanyanyua bunduki. Aliniambia mwenyewe baadaye, kidole kilikuwa kimeshavuta ile hatua ya kwanza, kikagota. Nikakohoa." Akamtazama fundi. "Ule ukuta wa kwenye triga, baba, ndio ulionibakiza hapa. Leo mmekaa sebuleni kwangu mnataka kuubomoa, na chakula changu mmekula."

Msomaji wangu, hata jogoo wa nje alinyamaza. Binamu wa mjini akaanza kuperuzi simu ambayo haina hata mtandao.

Hebu tuambizane ukweli, nani alikuwa na makosa hapo? Triga ikiwa nzito, mzee anajeruhi mnyama na mnyama anahamia kwenye kahawa yenye akina mama. Ikiwa nyepesi, kikohozi kinaweza kuchelewa. Huku kuna hatari, kule kuna hatari. Wale wanaosema triga nyepesi ndiyo bora, na wale wanaosema nzito ndiyo salama, wote wanaizungumzia bunduki iliyo mezani, mchana, mkononi mwa mtu aliyeshiba. Triga haiwekwi kwa ajili ya saa hiyo. Inawekwa kwa ajili ya saa mbaya kuliko zote utakayokuwa nayo mkononi: baridi, ukungu, usingizi, moyo unadunda.

Fundi hakumbishia mama. Akamjibu kwa heshima: "Mama, umesema kweli. Ukuta lazima uwepo. Lakini tusiutegemee wa kwenye triga peke yake." Akaweka masharti matatu mezani.

Sharti la kwanza, uzito. Si kilo tatu, si gramu 900. Akaweka pauni tatu na nusu, kama kilo moja na gramu 600. Akapima mara tano kwa mizani yake ya springi, inayofanya kazi kama ile ya kupimia watoto kliniki, mpaka majibu yakafanana.

Sharti la pili, sefti. Mauser 98 ina bawa dogo nyuma ya komeo. Ukilipindua linaishika pini yenyewe inayogonga risasi. Sefti nyingi za pembeni zinaizuia triga tu, pini inabaki inategemea lile komeo la kuku. Mjomba alitaka ya pembeni kwa sababu ni rahisi kwa kidole gumba. Fundi akakataa katakata: "Bawa la mzee Mauser linabaki." Na likabaki.

Sharti la tatu, kidole. Kidole hakiingii kwenye triga mpaka nguruwe ameonekana, kichwa na mkia. Si mahindi yanacheza, si kivuli juu ya mti. Akakumbusha kwamba katika misitu ya wilaya hiihii ya Rungwe watafiti walimwona kipunji mwaka 2003, nyani ambaye wanasayansi walikuwa hawajamwandika popote mpaka alipotangazwa duniani mwaka 2005. Kama dunia nzima ilichelewa kumtambua mnyama mzima hivyo, wewe na ukungu wako unamtambua nani kwa sekunde moja?

Mke wa mjomba akaongeza lake la nne. Yeyote anayekwenda shambani jioni anawasha tochi na anaita kwa sauti tangu njiani. Likapita bila kupigiwa kura.

Likabaki jaribio. Bunduki tupu, imekokiwa, fundi akagonga kitako chini juu ya kipande cha tairi, mara kumi. Kimya. Akafunga komeo kwa nguvu kama mtu mwenye hasira na mlango. Kimya. Akaweka sefti, akavuta triga, akaachia, kisha akatoa sefti. Kimya. Hilo la mwisho akalirudia mara nyingi mpaka nikamuuliza kulikoni.

Akanieleza habari za Marekani. Mwaka 2014 kampuni ya Remington iliziita zirudishwe bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014. Kisa? Gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha triga, ambayo ingeweza kuifanya bunduki ilie bila kuvutwa. Kuhusu triga zake za zamani zaidi, watu walilalamika miaka mingi kwamba ukitoa sefti tu, bunduki inalia. Kesi ikaishia kwenye makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2017, wenye bunduki wakapewa nafasi ya kubadilishiwa triga bure, bila kampuni kukubali kuwa zilikuwa mbovu. "Kama kiwanda chenye mashine kinaweza kuponzwa na tone la gundi," akasema fundi, "mimi mwenye bisibisi ni nani nisirudie kujaribu?"

Mjomba naye akaleta kichupa cha mafuta ya cherehani, eti amiminie triga iteleze. Fundi almanusura amnyang'anye. Mafuta ndani ya triga yanakusanya vumbi, na kwenye baridi kama ya Rungwe yanaganda yakawa ulimbo. Siku hiyo sia hairudi mahali pake. Mafuta ni ya mtutu na komeo, lakini triga iachwe safi na kavu.

Mwisho mama akasema: "Leteni na mimi niivute." Akaivuta, tupu. Akafikiri. Akaivuta tena. "Haya. Lakini isipungue hata senti." Ndipo akafungua pindo.

Asubuhi yake tukaenda kwenye ukingo wa udongo nje ya makazi, mwenyekiti wa kijiji ameshaarifiwa. Risasi hizo ni ghali, kwa hiyo mjomba alipiga tatu tu, hatua kama hamsini. Matundu matatu unayafunika na kisosi. Mzee aligeuka akatutazama, hakusema kitu, ila mwendo wa kurudi nyumbani ulikuwa wa mtu mwenye miaka kumi pungufu.

Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu. Nguruwe mmoja, risasi moja, nyuma ya bega, hakwenda hatua ishirini. Watu wa wanyamapori waliarifiwa kama sheria inavyotaka. Kesho yake akina mama wakachuma kahawa kama kawaida, hadithi na vicheko juu. Mimi niliyapenda zaidi hayo ya kahawa kuliko ya nguruwe.

Sasa angalizo, maana nawajua wasomaji wangu. Kama babu alikuachia gobore darini, usilichukue gazeti hili ukaligeuza spana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka silaha iwe na leseni, na fundi anayeigusa naye awe na ruhusa yake. Gobore lisilo na karatasi linakwenda polisi, haliendi kwa fundi baiskeli. Na wewe wa mjini mwenye bastola halali kiunoni unayetaka triga "ya kugusa tu" ili uwaonyeshe washikaji baa, muulize kwanza mkeo kama anapenda kukuletea uji gizani.

Maana triga ziko nyingi, ndugu yangu. Kuna mtu ukimkanyaga kwenye daladala, kafyatuka! Hujamaliza hata kusema samahani. Huyo sia yake imeshikilia kwa unywele. Kuna mwingine anabonyezwa mwaka mzima, kimya, siku akilipuka anajeruhi asiyehusika. Wote wawili wanahitaji fundi mtaratibu na mizani. Kilo moja na nusu hivi inatosha, na bawa la sefti libaki palepale.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye mambo yetu: je, ni halali kumwazima rafiki shati la kwendea kwenye uchumba? Mpaka hapo, tembea na tochi, na ukohoe mapema.